Tawakali au papara? Kuacha mshahara kuingia baharini: leteni hesabu ya dini na ya dunia

MwanaAmu (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum jamani. Swali hili huzuka kila kusi, ule upepo wa kusini, inapokaribia kwisha, hapa Amu (Lamu) na huko Malindi pia, na majibu huwa yaleyale mawili. Mmoja atasema "tawakali, riziki iko kwa Mungu". Mwingine atasema "usiache mbachao kwa msala upitao". Yote mawili ni maneno mazuri na hakuna hata moja linalomsaidia mtu kuamua.

Tuuweke mfano mmoja mezani tuuchambue. Mtu ni mwajiriwa. Nyumba yake hula Sh 30,000 kwa mwezi. Ana akiba ya Sh 600,000 na hana deni. Anataka kuacha kazi anunue boti ya uvuvi yenye mashini, aweke nahodha na mabaharia, naye asimamie. Amesali, ameomba, na bado shaka inamrudia usiku. Je, shaka hiyo ni upungufu wa imani, au ni onyo la kusikizwa?

Wa dini waseme la dini, wa bahari la bahari, wa hesabu walete tarakimu. Visa vya "mimi nilivyofanikiwa" vina uzi wake, hapa visije.

Ustadh_Mkomani

Waaleikum salaam. Naanza na mpangilio, kwa sababu wengi wanaupindua. Katika Aal Imran aya ya 159 Mtume (s.a.w.) anaamrishwa ashauriane na watu wake, kisha akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Hatua ni tatu: shauri, azma, tawakali. Anayeanza na tawakali akaruka shauri ameanza mwisho. Na ile hadithi aliyoipokea Tirmidhi ya mwenye ngamia, jibu lilikuwa amfunge kwanza, halafu ategemee.

Sasa shaka. Nabii Ibrahim (a.s.) aliomba aonyeshwe wafu wanavyofufuliwa. Alipoulizwa "kwani huamini?" akajibu kwamba anaamini, ila moyo wake utulie (al-Baqara 260). Hakukemewa. Akapewa kazi ya mikono: achukue ndege wanne. Basi kuuliza ili moyo utulie si ukafiri, na utulivu wenyewe ulikuja kwa kufanya kitu.

Ila shaka ina mahali pake na wakati wake, na hapa fiqhi ya sala inatufaa kuliko mawaidha mengi. Katika madhehebu yetu ya Shafii:

Ukiwa ndani ya sala ukatia shaka umesali rakaa tatu au nne, unajenga juu ya kichache. Unahesabu tatu, unaongeza moja, unasujudu sijida mbili za kusahau kabla ya salamu. Hata dhana yenye nguvu kwamba ni nne haitoshi, inatakiwa yakini.

Ukishatoa salamu ndipo shaka ikaja, huitazami, isipokuwa kama ni shaka ya nia au ya takbiri ya kufungia sala.

Na yule ambaye shaka imekuwa ada yake, kila udhu anaurudia, maulamaa wanamwambia dawa yake ni kuipuuza. Akiitii leo, kesho itadai zaidi.

Kwa mtu wetu: kabla hajaazimia, shaka inafanya kazi yake, na kazi yake ni kumfanya ahesabu kwa kichache. Akishaazimia kwa hesabu hiyo, shaka tupu isiyoleta habari mpya haina haki ya kuifungua tena ile kesi.

Hesabu_Tu

Ustadhi, "kujenga juu ya kichache" nimeipenda, maana watu hufanya kinyume chake. Wacha niiweke kwenye tarakimu. Ni za mfano tu, kila mtu aweke zake.

Hesabu ya ndoto, ile inayoandikwa nyuma ya bahasha: safari 20 kwa mwezi. Kila safari samaki wa Sh 15,000. Toa mafuta, barafu na chakula Sh 6,000, zabaki 9,000. Nusu ya mabaharia pamoja na nahodha, nusu ya chombo, mashini na nyavu: 4,500. Mara safari 20 ni 90,000 kwa mwezi. Mara tatu ya matumizi ya nyumba! Barua ya kuacha kazi inaandikwa usiku huohuo.

Hesabu ya kichache. Umetia shaka ni safari 20 au 14? Andika 14. 4,500 mara 14 ni 63,000. Thuluthi moja weka kando kwa matengenezo na mashini ijayo, yaani 21,000, zabaki 42,000. Kusi kali, miezi mitatu, andika sifuri. Miezi tisa mara 42,000 ni 378,000 kwa mwaka. Gawa kwa 12: Sh 31,500 kwa mwezi.

Boti ileile, samaki walewale, bei ileile. Kutoka 90,000 hadi 31,500 bila msiba wowote kutokea. Na bado hatujagusa akiba.

NahodhaKusi

Hesabu ni sawa ila wasiojua bahari wataona sifuri ya kusi ni uoga. Si uoga. Kusi huanza kuvuma Aprili hivi, na Juni hadi Agosti ndiyo kali. Boti ndogo ikitoka mlango wa bahari wa Shela nyakati hizo hukutana na mawimbi yanayovunjika pale maji ya ndani yanapotoka kupambana na upepo wa nje. Ukibaki ndani ya mikoko waweza kupata kitoweo, biashara hupati. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ya kufanya kazi nje. Katikati kuna tanga mbili, upepo hauna msimamo, siku nzuri na mbaya zimechanganyika.

Kisha kuna maji. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo huwa na nguvu na kina hubadilika mno. Mkanda, ule mlango kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakitoka haupitiki kwa chombo chenye shehena. Ukikosa maji unangoja saa kadhaa ama unazunguka nje, na kuzunguka ni mafuta. Anayepanga safari 20 kwa mwezi hajatazama kalenda ya mwezi.

Mafuta nayo: gawa mafungu matatu. Fungu la kwendea, fungu la kurudia, fungu lisiloguswa. Mashini ya nguvu za farasi 40 ikifunguliwa yote hunywa kama lita 15 kwa saa, na ya mipigo miwili huzidi hapo. Zile za kuchanganya oili na petroli moja kwa hamsini, lita 20 za petroli zataka mililita 400 za oili. Mtu akipunguza oili ili aokoe shilingi mia, pistoni ndiyo italipa.

Nasema haya kwa sababu nimewasikia wengi wakiita "tawakali" kitu ambacho ni galoni pungufu. Boti kuisha mafuta nje ya Manda si kadari iliyojificha. Ilionekana gatini.

Mwl_Malindi

Salamu kutoka Malindi. Mimi ni Mkristo, mniruhusu niongeze la upande wetu, maana naona tunakutana.

Luka 14 Yesu anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza. Na aliposhawishiwa ajirushe kutoka kinara cha hekalu kwa sababu malaika watamdaka, jibu lake lilikuwa usimjaribu Bwana Mungu wako. Kuacha kazi bila akiba kisha kusema "Mungu atafungua njia" mara nyingi ni kile kinara.

Lakini niweke na upande wa pili, maana uzi huu unaelemea kwenye tahadhari. Mhubiri 11:4: mwenye kuuangalia upepo hatapanda, na mwenye kuyatazama mawingu hatavuna. Aya mbili tu kabla yake anasema gawia watu saba, hata wanane, kwa kuwa hujui baa gani itakuja juu ya nchi. Mwandishi yuleyule, sura ileile. Hakusema ngoja mpaka ujue. Alisema hutajua, basi gawanya, halafu panda.

Na yule baba katika Marko 9 aliyesema "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", hakuambiwa arudi shaka ikimwisha. Mwanawe aliponywa palepale. Nauliza wenye hesabu: hesabu yenu ina mahali pa kupanda, au ni ya kuangalia upepo tu?

Hesabu_Tu

Swali la haki, Mwalimu. Nalijibu kwa akiba.

600,000. Kwanza toa miezi sita ya nyumba: 180,000. Hii haiingii baharini kwa sababu yoyote, hata nahodha akipiga simu kwamba kuna mashini ya bei poa. Zabaki 420,000. Toa 80,000 ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, maana chombo kilichotumika huonyesha ugonjwa wake baada ya kununuliwa. Toa 40,000 ya kuendeshea safari, kwa sababu mafuta na barafu hulipwa kabla ya samaki kuuzwa. Zabaki 300,000 kwa chombo, mashini na nyavu pamoja.

Kama bei ya vyote vitatu ni zaidi ya hapo, na mara nyingi ni zaidi, basi huna boti. Una hisa. Tuseme nusu. Nusu ya 31,500 ni 15,750 kwa mwezi. Nyumba inataka 30,000.

Jibu limetoka lenyewe: anunue nusu, asiache kazi. Hapo, Mwalimu, mtu wetu amepanda, na ile hasara kubwa kabisa inayoweza kumpata ni 420,000, ambayo inauma lakini hailazi mtoto njaa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta kwenye kila mpango. Kuna hasara ukiipata unasimama mwaka ujao, na kuna hasara ukiipata umeondoka mchezoni. Ya kwanza chukua hata kama nafasi ya kufaulu si kubwa. Ya pili usiiguse hata ukiambiwa nafasi ya kuanguka ni moja kwa ishirini, kwa sababu ukirudia mwaka baada ya mwaka hiyo moja itakufikia.

Da_Mishi

Nashukuru kuna mtu amekumbuka watoto. Wanaume mnapoongea tawakali mnasahau kwamba chakula na matumizi ya mke na watoto ni wajibu kisheria, si hisani. Pesa ya wajibu si mtaji. Mtu hawezi kujitoa mhanga kwa tumbo la mwingine kisha akaita imani yake.

Na pale kwenye "shauri", mke ahesabiwe ndani. Aambiwe tarakimu mbili tu: nyumba itakaa miezi mingapi bila boti kuleta kitu, na ni hasara ya kiasi gani ikifika tunasimama. Akijua hizo mbili, kusi ikiingia hakuna ugomvi. Mume akificha, hata mwezi wa kwanza mbaya utakuwa ushahidi dhidi yake.

Jengine, wake wengi huko Langoni na kwengineko wana chama cha kupokezana pesa. Zamu ya chama isihesabiwe kama akiba ya boti. Ile ni deni, umepokea kabla ya wenzako.

Kijana_wa_Gati

Wazee shikamooni. Kwa hivyo jibu ni kwamba mtu asithubutu? Mimi nasoma hapa naona watu wanazunguka. Mbona hata wanavyuoni wakubwa waliacha kila kitu? Ghazali aliacha kazi kubwa Baghdad akaondoka. Huyo alipiga hesabu gani?

Ustadh_Mkomani

Marahaba mwanangu. Umetaja mtu wa sawasawa, kwa hivyo tumtazame vizuri, maana habari zake amezisimulia mwenyewe.

Ujanani alipatwa na shaka nzito hata ya yale anayoyaona kwa macho, ikadumu karibu miezi miwili. Hiyo ni moja. Ya pili, ile ya kuondoka, ilianza Rajabu mwaka 488 Hijria, yaani 1095, naye ni mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya. Hakuondoka siku hiyo. Alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku: asubuhi ana azma, jioni imevunjika. Ulimi ukamfunga asiweze kusomesha, chakula kikakataa kushuka.

Na alipoondoka hakumwaga kila kitu barabarani. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha na riziki ya watoto wake. Yeye mwenyewe ameitaja. Watu husimulia safari, hili fungu la watoto hulikata.

Jambo la tatu ndilo la faida zaidi kwa uzi huu. Katika mafundisho yake ya kulea nafsi, Ghazali anaifanya nafsi ni mshirika wa biashara. Asubuhi unawekeana nayo masharti, mchana unaisimamia, jioni unakaa nayo kwenye hesabu. Ikiwa imekula mtaji unaiadabisha na kuitia kazini, na unaendelea kuilaumu. Mtu anayetaka kukua hasubiri moyo ubadilike wenyewe. Anafungua daftari.

Hesabu_Tu

Daftari lenyewe liwe la mistari minne kwa siku, si zaidi, ama litaachwa wiki ya pili. Tarehe na upepo. Nilitarajia nini. Kimetokea nini. Nini nilikijua kabla nikakipuuza. Huo mstari wa nne ndio mwalimu. Baada ya kaskazi moja utauona mwenendo: kuna anayegundua anakosea siku zote upande wa matumaini, na kuna anayegundua hofu zake tisa kati ya kumi hazitokei. Huyu wa pili anahitaji kuthubutu zaidi, na Kijana atafurahi kusikia hilo.

FundiMatondoni

Nyote mumesema, kitu chenyewe hamjakitazama. Nipo Matondoni, nawapa ya kutazama kabla ya pesa kutoka. Imani kwa muuzaji ni nzuri, nyundo ni bora.

Boti ya mbao ikikaa yuu nti kavu, mbao hukauka na mianya hufunguka. Ikirudi mayini itavuja, hiyo haina neno. Iache siku mbili tatu mbao zivimbe. Ikiwa bado yavuja pahala palepale, hapo ndipo pabovu. Mtu akikuonesha chombo mara tu kimeshushwa hujaona kitu, na akikuonesha kikavu kabisa kilichopakwa rangi mpya, jua rangi imefunika.

Gonga kwa nyundo mataruma (mbavu za chombo) na kuanzia omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, chini kwenye mkuku (ule uti wa chini). Sauti kavu ni mti mzima. Sauti iliyokufa, chomeka ncha ya bisibisi: ikizama, mti umeoza. Kalfati, ile pamba ya kuziba mianya, ikitoka kwa ukucha yote irudiwe, pamba mpya na mafuta. Misumari iliyolia kutu hadi doa limetoka nje ya ubao, hesabu ubao huo umekwenda.

Mashini: fungua skrubu ya oili ya gia chini, ikitoka oili nyeupe, mayi yameingia na sili zimekufa. Pima nguvu ya kila silinda kwa kipimo, zikitofautiana zaidi ya asilimia kumi hivi, usilipe bei ya mashini nzima. Iwashe, tazama ule mchirizi wa mayi nyuma: ukiwa dhaifu, impela (ile ya kusukuma mayi ya kupoza) imechoka au ndia imeziba chumvi. Impela ibadilishwe kila mwaka hata kama yaonekana nzima, na ukirudi baharini washa kwa mayi ya kisima dakika kumi.

Haya yote hayazidi nusu siku ukiacha zile siku za kungoja. Asiyekuwa na nusu siku ya kukagua ana haraka, hana imani.

NahodhaKusi

Naongeza vya kukaa ndani ya boti daima: jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa (si "karibu kila kichwa"), upo wa kukumba maji, nanga na amari (kamba yake) ya kutosha, plagi mbili za akiba na spana yake, kamba ya kuwashia, tochi, simu ndani ya mfuko usioingia maji, makasia. Mtu aliyebaki gati aandikiwe munakwenda wapi na mutarudi saa ngapi. Boti isajiliwe na leseni ihuishwe kila mwaka, na BMU (kamati ya wavuvi ya ufukweni) ya pale mutakapotulia wajue nahodha ni nani.

Sharti moja liwekwe kwenye maandishi: neno la nahodha la kutotoka halibishaniwi na mwenye mali. Mwenye boti akiwa gati na deni linamsukuma, atamwambia nahodha "jitie moyo tu". Wenzangu mnaijua aya, msijitie kwa mikono yenu kwenye maangamizo. Mwenye boti akikaa gati na mikono ya wenzake inavuta makasia, ni mikono ya nani hapo?

Kijana_wa_Gati

Nimeelewa. Swali la mwisho kwangu, Ustadhi: istikhara. Mtu akisali akaota maji meusi, aache? Na kuna wanaokwenda kwa mwenye falaki atazamiwe.

Ustadh_Mkomani

Istikhara, kama alivyoipokea Bukhari kwa Jabir (r.a.), ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua, na ndani ya dua unalitaja jambo lako. Hakuna ndoto ndani ya hadithi. Unaomba kwamba likiwa na kheri liwepesishwe, likiwa na shari ligeuzwe nawe ugeuzwe nalo. Basi ukishasali unaendelea na hatua iliyo mbele yako: unakagua, unajadiliana bei. Njia ikifunguka unapita, ikifunga unasimama. Ndoto ya maji meusi ya mtu anayewaza bahari mchana kutwa haina hukumu.

Nyakati: usiisali baada ya Alfajiri hadi jua kupanda, wala jua likiwa kichwani, wala baada ya Alasiri hadi Magharibi. Moyo usipoelekea popote, rudia. Na isaliwe kwa jambo la halali ambalo umekwisha kulishauria. Huombi istikhara kwa mkopo wa riba, wala kwa kazi ya wajibu.

Falaki na ramli, hapana. Mtu akitazamiwa, kwanza ni haramu, pili atabeba neno la mtazamaji kila upepo ukibadilika, na hata kama boti ni nzima hataipa nafasi.

Mwl_Malindi

Kwa upande wetu kosa hilo lina sura nyingine: kufungua Biblia popote, kidole kikaangukia mstari, mtu akauchukua kuwa ni amri ya kuacha kazi. Mithali 15:22 inatoa njia ya kuchosha zaidi, wingi wa washauri. Ushauri wangu washauri wawe watatu na wasiwe wa aina moja: mmoja anayeijua bahari na hafaidiki chochote ukinunua, mmoja atakayekula hasara pamoja nawe, na mmoja anayekupenda ambaye haogopi kukuudhi. Wote watatu wakisema ndiyo haraka haraka, tafuta wa nne.

Halafu jaribio moja kabla ya kutia sahihi. Mkae, mseme: ni kaskazi ya mwaka ujao na mpango umekufa. Kila mmoja aandike peke yake umeuawa na nini. Msisomeane kabla ya wote kumaliza. Mtapata mambo ambayo kwa adabu yasingesemwa: "nahodha tuliyemchagua ni shemeji", "hakuna aliyeuliza barafu itatoka wapi siku umeme ukikatika".

MwanaAmu

Tumefika mbali. Nifunge sehemu ya uamuzi halafu tumalize ya mkataba. Kwa mfano wetu: ananunua nusu, anabaki kazini. Ataacha kazi lini? Napendekeza: hisa yake, kwa hesabu ya kichache, ikilipa nyumba kwa kaskazi moja nzima na kusi moja nzima zikiungana. Si mwezi mmoja mzuri wa Januari. Na atasimama lini? Ile 80,000 ya matengenezo ikiisha kabla ya mwaka, asichote kwenye miezi sita ya nyumba. Boti inafungwa, yeye na mshirika wake wanakaa upya. Shaka ya katikati, eti jirani kapata samaki wengi au bei ya mashini imeshuka, haifungui mjadala.

Ustadhi, ushirika wenyewe uandikweje?

Ustadh_Mkomani

Kuna sura mbili, msizichanganye. Mkitia pesa wote wawili, faida na hasara hufuata mitaji: nusu kwa nusu hapa. Mmoja akitia pesa na mwingine kazi tu, hiyo ni mudharaba: faida hugawanywa kwa fungu mlilokubaliana, mfano thuluthi na thuluthi mbili, na hasara ya pesa humwangukia mwenye pesa ikiwa mwenye kazi hakufanya uzembe wala kuvuka masharti. Yeye amepoteza jasho lake. Kisichofaa katika zote mbili ni kiasi maalumu: "nipe 10,000 kila mwezi samaki wawepo wasiwepo". Hapo umekuwa mkopeshaji, na yale majadiliano yote ya tawakali yamekufa, maana mmoja amejitoa kwenye hatari akamwachia mwenziwe.

Muandike. Al-Baqara 282, aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Watu wa imani ndio waliosemeshwa pale, kwa hivyo asikuambie mtu kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Ukurasa mmoja unatosha: mtaji wa kila mmoja kwa tarakimu na kwa maneno, fungu la mabaharia kabla ya mgao, mfuko wa matengenezo unakaa kwa nani, sharti la Nahodha hapo juu, njia ya kutoka mmoja akitaka kuuza, na nani wa kwanza kuuziwa. Mashahidi wawili, nakala mbili.

Da_Mishi

Na akifa mmoja?

Ustadh_Mkomani

Swali zuri Bi Mishi, na ndilo linalosahauliwa. Mauti huvunja ushirika. Hisa yake inaingia mirathini baada ya kulipwa madeni na wasia. Warithi wakipenda kuendelea wanafunga mkataba mpya kwa majina yao. Wasipopenda, chombo kinathaminiwa siku hiyo na fundi ambaye pande zote zimemkubali, na aliyebaki anawalipa fungu lao au boti inauzwa. Kama kuna watoto wadogo, mlezi wao kisheria ndiye anayesaini. Jina la fundi wa kuthamini liandikwe tangu leo, wakati wote wawili wako hai na wanaelewana.

FundiMatondoni

Na huyo fundi asiwe yule aliyewauzia.